Thurgood Marshall: Alifungiwa chuo cha sheria, akarudi na kesi

Ukiomba nafasi ya kusomea sheria hapa Kenya, unajua vile mambo huenda. Unaangalia gredi ya KCSE, unaangalia ile alama ya Kiingereza ama Kiswahili, unaingia kwenye tovuti ya KUCCPS, unabonyeza, unaomba Mungu. Ukikosa, angalau unajua umekosa kwa nini. Ni alama, ama ni karo. Inauma, lakini ni hesabu. Sasa hebu fikiria alama unazo, chuo chenyewe kiko mtaani kwenu kabisa, na bado huingii kwa sababu ya rangi ya ngozi yako.

Hiyo ndiyo hali aliyojikuta nayo Thurgood Marshall mwaka 1930 katika jiji la Baltimore, jimbo la Maryland, Marekani. Pengine umemsikia kama jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Ni kweli, lakini hiyo ni sehemu ya mwisho, na mimi huona si sehemu tamu zaidi. Sehemu tamu ni ile ya fomu za kuomba nafasi chuoni. Na kabla hujasema hayo ni mambo ya Wamarekani, ngoja kidogo. Huyu mzee alifika mpaka Kiambu.

Alizaliwa Julai 2, 1908. Jina alilopewa lilikuwa Thoroughgood, jina la babu yake, lakini akiwa bado kijana mdogo shuleni alichoka kuliandika lote, akalikata likawa Thurgood. Baba yake, William, alikuwa mhudumu wa chakula kwenye treni, baadaye akasimamia wahudumu katika klabu ya wazungu wenye pesa, klabu ambayo yeye mwenyewe hangeweza kuwa mwanachama. Mama yake, Norma, alikuwa mwalimu. Sasa huyo baba alikuwa na tabia moja ya ajabu: alipenda kwenda kortini kusikiliza kesi za watu vile wewe unaenda kutazama mpira, na wanawe aliwabeba. Wakirudi nyumbani, meza ya chakula inageuka mahakama. Ukisema kitu, lete ushahidi. Ukishindwa kukitetea, kaa kimya ule.

Shuleni Thurgood alikuwa msumbufu. Adhabu aliyopewa mara nyingi ilikuwa kukaa peke yake na kusoma Katiba ya Marekani. Kwa vile makosa yalikuwa mengi, katiba nayo ikamkaa kichwani. Humo aliona Marekebisho ya 14, yanayoahidi kila mtu ulinzi sawa wa sheria. Akiangalia nje ya dirisha la shule ya watoto weusi peke yao, aliona kitu kingine.

Mwaka 1925 akaenda Chuo Kikuu cha Lincoln kule Pennsylvania, chuo cha wanaume weusi. Mshairi Langston Hughes alisoma naye hapo, na Kwame Nkrumah wa Ghana angekuja baadaye, miaka ya 1930. Usidhani Marshall alikuwa mtakatifu. Alisimamishwa masomo kwa kuwasumbua wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwaka 1929 akamwoa Vivian Burey, ambaye wote walimwita Buster, na hapo mambo ya masomo yakaanza kushika njia. Mwaka uliofuata akahitimu.

Akataka kusomea sheria. Shule ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Maryland ilikuwa palepale Baltimore, karibu na kwao. Karo yake ilikuwa nafuu kwa mkazi wa jimbo. Na jua hili: shule hiyo ilikuwa imewahi kuwapokea weusi. Wawili walihitimu mwaka 1889. Kisha mlango ukafungwa, na ulikuwa bado umefungwa miaka arobaini baadaye. Kuna wanaosimulia kwamba Marshall alituma maombi akakataliwa. Wengine walioandika maisha yake wanasema hakujisumbua kutuma. Mimi naona ni yale yale. Ukijua jibu kabla ya kuandika barua, tayari umejibiwa.

Basi akaenda Howard, chuo cha weusi jijini Washington. Hakuwa na pesa za kupanga nyumba huko, kwa hivyo aliamka kabla ya jua, akapanda treni kutoka Baltimore, akasoma, akarudi usiku. Ni zaidi ya kilomita sitini kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, kila siku. Karo ya kuanzia ilipatikana vipi? Mama yake aliweka rehani pete zake, ya uchumba na ya ndoa.

Pale Howard alikutana na mtu ambaye, ukiniuliza, anastahili makala yake mwenyewe: Charles Hamilton Houston. Alikuwa amesomea sheria Harvard, mtu wa nidhamu kali, na ndiye aliyekuwa akisimamia shule hiyo ya sheria. Aliikuta shule ya jioni, akaigeuza kuwa ya kutwa inayotambuliwa rasmi, na wengi wa waliojiunga na darasa la Marshall hawakufika mwisho. Houston aliwafundisha kwamba wakili ama anaijenga upya jamii ama anainyonya. Kati ni hakuna. Marshall, yule msumbufu wa zamani, akashika namba moja darasani alipohitimu mwaka 1933.

Hapa lazima nikueleze sheria kidogo, usikimbie. Mwaka 1896, katika kesi ya Plessy iliyoanzia kwenye behewa la treni huko Louisiana, Mahakama ya Juu ilisema serikali inaweza kutenganisha weusi na weupe mradi huduma ziwe sawa. Kwenye karatasi, sawa. Mtaani, mtoto mweusi alipata shule mbovu yenye vitabu vilivyotupwa na wazungu. Sasa Houston na wanafunzi wake walifanya hesabu ya kijanja sana. Badala ya kupigana kwanza na shule za watoto wadogo, ambapo wazazi wazungu wangepandwa na wazimu, wangeanza na vyuo vya sheria. Kwa nini? Kwanza, majimbo mengi ya kusini hayakuwa na hata chuo kimoja cha sheria cha weusi, kwa hivyo hata ule uongo wa kuwa sawa haukuwepo. Pili, kujenga chuo kizima kwa ajili ya mwanafunzi mmoja ama wawili ni gharama ya kichaa. Na tatu, hii ndiyo naipenda: kila jaji amepita chuo cha sheria. Unaweza kumdanganya jaji kuhusu shule ya chekechea ya kijijini. Huwezi kumdanganya kuhusu chuo cha sheria.

Kilichobaki ni kupata mtu wa kujaza fomu.

Akapatikana Donald Murray, kijana wa Baltimore aliyekuwa amemaliza Amherst, chuo chenye heshima zake, mwaka 1934. Mapema 1935 akaomba nafasi Maryland, chuo kilekile. Rais wa chuo, Raymond Pearson, akamjibu kwa adabu kwamba haiwezekani, akamwelekeza kwa chuo cha weusi cha Princess Anne, ambacho hakikufundisha sheria hata kidogo. Ni kama uombe kusomea udaktari, uambiwe kuna nafasi ya ushonaji mahali fulani. Marshall na mwalimu wake Houston wakaenda kortini. Hoja ilikuwa nyepesi: anayetaka kufanya kazi ya uwakili Maryland anahitaji kujifunza sheria za Maryland, mahali pa kujifunzia ni pamoja tu, na hapo Murray amefungiwa. Usawa uko wapi? Juni 1935 jaji akaamuru apokelewe. Jimbo likakata rufaa, Januari 1936 likashindwa tena. Murray alikuwa tayari darasani, na mwaka 1938 akahitimu. Marshall alikuwa na umri wa miaka 26 jaji wa kwanza alipotoa amri hiyo dhidi ya shule ambayo haingemkubali yeye. Sijui wewe, lakini mimi hapo ningelala kortini kwa furaha.

Lakini ushindi huo ulikuwa wa jimbo moja tu. Mwaka 1938 Houston alishinda kesi ya Lloyd Gaines mbele ya Mahakama ya Juu. Gaines alinyimwa nafasi chuo cha sheria cha Missouri, na jimbo likajitolea kumlipia karo akasome jimbo jingine. Mahakama ikasema hapana, haki yake iko nyumbani. Kama mpango huo wa kumpeleka mtu mbali unasikika kama kitu unachokijua, ni kwa sababu hata hapa kwetu enzi za mkoloni hapakuwa na chuo cha sheria. Waliotaka uwakili walienda mpaka Uingereza, kama alivyofanya Argwings Kodhek, yule ambaye barabara yake unapita ukienda Hurlingham. Gaines hakuwahi kukaa darasani. Machi 1939, akiwa Chicago, alitoka jioni moja akisema anaenda kununua stempu. Hakuonekana tena mpaka leo. Hakuna maiti, hakuna barua, hakuna aliyeshtakiwa. Ukisoma kuhusu hizi kesi, kumbuka jina kwenye faili ni la mtu aliyekuwa na mama.

Marshall alikuwa ameingia NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, mwaka 1936, na kuanzia 1940 akaongoza mfuko wake wa utetezi wa kisheria. Kazi yake ilikuwa kupanda treni kwenda miji ya kusini ambako wakili mweusi hakuwa na hoteli ya kulala. Novemba 1946, baada ya kesi huko Columbia, Tennessee, polisi walilisimamisha gari lake barabarani usiku, wakamsingizia kuwa amelewa, wakamweka kwenye gari lao wakakata kona kuelekea mtoni. Wenzake, Alexander Looby akiwa mmoja wao, waliambiwa waendelee na safari yao. Wakakataa. Waligeuza gari wakafuata nyuma mpaka polisi wakaona haiwezekani, wakamrudisha mjini. Hakimu akamnusa pumzi, akamwachilia. Wangetii ile amri ya kuendelea na safari, hii makala ingeishia hapa.

Mwaka huo huo wa 1946 fomu mbili zilijazwa. Ya kwanza ni ya Ada Lois Sipuel, binti wa Oklahoma. Alinyimwa, Marshall akampeleka Mahakama ya Juu, na Januari 1948 majaji wakaamua siku nne tu baada ya kumsikiliza: jimbo limpe elimu ya sheria. Unajua Oklahoma ilifanya nini? Ilifungua chuo cha sheria ndani ya siku chache, vyumba kadhaa kwenye jengo la bunge la jimbo, mawakili watatu ndio walimu. Chuo cha mtu mmoja. Sipuel akakataa kukanyaga. Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Oklahoma kikampokea, lakini alikaa nyuma ya darasa, peke yake, na kibao cha kuonyesha ni kiti cha mweusi. Akahitimu. Mwaka 1992 akateuliwa kwenye bodi inayosimamia chuo hicho hicho.

Ya pili ni ya Heman Sweatt, mpeleka barua wa posta jijini Houston, Texas. Hakuwa kijana tena, alikuwa mtu wa miaka zaidi ya thelathini mwenye kazi na nyumba, na akaomba nafasi katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin. Kukataliwa, kortini. Texas nayo ikakimbia kukodi orofa ya chini ya jengo moja karibu na bunge la jimbo, ikaliita chuo cha sheria, na baadaye ikafungua kingine Houston. Sasa angalia namba ambazo Mahakama ya Juu yenyewe iliandika. Chuo cha wazungu: walimu 16 wa kudumu, wanafunzi 850, vitabu zaidi ya 65,000. Kile kipya cha weusi: walimu 5, wanafunzi 23, vitabu 16,500. Lakini Marshall hakutaka kesi iishie kwenye kuhesabu vitabu, kwa sababu Texas ilikuwa na pesa za kununua vitabu. Alitaka majaji waone vitu visivyohesabika. Jina la chuo. Waliohitimu mbele yako ambao sasa ndio majaji na mawakili wakubwa. Watu unaobishana nao darasani, ambao kesho utakutana nao kortini. Unaenda kujifunza uwakili umefungiwa na watu 22 wakati asilimia kubwa ya wanasheria na majaji wa jimbo wako upande ule mwingine?

Juni 5, 1950, majaji wote tisa wakakubaliana. Sweatt akaingia Austin.

Hadithi nyingi huishia hapo kwa vigelegele. Sweatt hakumaliza. Alikuwa amechoshwa na miaka ya kesi, afya ikadhoofika, ndoa ikavunjika, masomo yakamshinda, na mwaka 1952 akaondoka. Baadaye alisomea kazi za ustawi wa jamii Atlanta na akafanya kazi hiyo maisha yake yote. Mimi niliyetoka kampasi bila cheti nasema huyu ndiye ninayempenda kuliko wote kwenye hii stori. Mlango aliufungua yeye, wakapita wengine, na leo mahakama moja ya kaunti pale Austin ina jina lake. Shule ile ya sheria ya Houston, iliyojengwa ili kumzuia, siku hizi inaitwa Shule ya Sheria ya Thurgood Marshall. Historia nayo ina ucheshi wake.

Mengine unayajua ama utayapata haraka. Vile vitu visivyohesabika vya kesi ya Sweatt ndivyo Marshall alivyovitumia kwa watoto wadogo katika kesi ya Brown, na Mei 17, 1954, tisa kwa sifuri, Mahakama ikasema kuwatenga watoto shuleni kwenyewe ni kuwanyima usawa. Miezi tisa baadaye Buster akafariki kwa saratani. Mwishoni mwa 1955 Marshall akamwoa Cecilia Suyat, karani wa NAACP aliyezaliwa Hawaii na wazazi Wafilipino, wakapata wavulana wawili. Kwa jumla alishinda kesi 29 kati ya 32 alizosimamia mbele ya Mahakama ya Juu.

Sasa Kiambu.

Mwanzoni mwa 1960, Tom Mboya alimwomba awe mshauri wa wajumbe Waafrika kwenye mkutano wa katiba pale Lancaster House, London. Kenyatta alikuwa bado kizuizini Lodwar. Marshall alipitia Nairobi kwanza, akataka kuhudhuria mkutano wa watu kule Kiambu, na maafisa wa serikali ya mkoloni wakamzuia: hana ruhusa ya kuhutubia. Kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, aliomba basi awasalimie tu, neno moja. Wakakubali. Akapanda juu ya gari, akapaza sauti kwa neno hilo moja, uhuru, na umati ukalipuka. Wakili ni wakili.

London ndiko kulikuwa na kazi ngumu. Fikiria mahali alipokuwa. Maisha yake yote alikuwa amewatetea wachache dhidi ya wengi. Sasa alikuwa upande wa wengi, watu walioporwa ardhi, waliokuwa wakielekea kushika serikali, na swali mezani likawa: hawa wazungu na Wahindi wachache watalindwa vipi? Angeweza kusema hilo si shida yake. Badala yake aliandika rasimu ya sheria ya haki iliyolinda usawa wa wote, pamoja na elimu na kura, na hata mali: serikali ikitaka ardhi ya mtu, ilipe fidia na mtu aruhusiwe kwenda kortini. Wako Wakenya wangeuliza, na bado wanauliza, kwa nini aliyeporwa alipie kurudishiwa chake. Swali hilo ni halali kabisa na yeye hakulimaliza. Lakini hakuwa na sheria mbili kichwani, moja ya Texas na nyingine ya Kenya. Aliporudi hapa mwaka 1963, moja ya mambo yaliyomkera ni namna Wahindi walivyokuwa wakitendewa.

Mwaka 1961 Rais Kennedy alimteua jaji wa mahakama ya rufaa, na maseneta wa kusini wakachelewesha uthibitisho wake hadi 1962. Johnson akamfanya wakili wa serikali kuu mwaka 1965, kisha 1967 akampeleka Mahakama ya Juu. Seneti ikampitisha kwa kura 69 dhidi ya 11. Alikaa huko miaka 24. Mambo ya kuomba nafasi chuoni yakamfuata hata huko: mwaka 1978, kwenye kesi ya Bakke, mzungu aliyenyimwa nafasi ya udaktari California alilalamikia viti 16 kati ya 100 vilivyotengewa makundi yaliyobaguliwa. Wengi wa majaji wakavifuta. Marshall akaandika maoni yake peke yake, yenye hasira, akihesabu kuanzia meli za watumwa. Kwamba katiba iliyovumilia ubaguzi kwa karne mbili ighafla ipate uchungu leo, hilo halikumwingia akilini.

Alistaafu 1991, akafariki Januari 24, 1993, akiwa na miaka 84.

Mwaka 1980 Chuo Kikuu cha Maryland, kilekile cha nyumbani kwao, kiliipa maktaba ya shule yake ya sheria jina la Thurgood Marshall. Kikamwalika kwenye sherehe. Hakwenda.

Ukifika Annapolis, makao makuu ya jimbo hilo, utakuta sanamu yake amesimama kama wakili kijana. Mbele yake kuna benchi, na kwenye benchi amekaa Donald Murray, yule aliyejaza fomu. Pembeni yake pameachwa nafasi ya mtu kukaa.